Kabla Mteja Hajaenda Kuulizia

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, ni ile alipofika nyumbani kwetu Ilongero kijana mmoja mwembamba, shati amelichomekea, akampa baba shikamoo kisha akatoa mfukoni karatasi iliyopigwa chapa. Mimi nilikuwa nafagia mashudu ya alizeti pembeni ya mashine ya baba. Nilimtazama mara moja nikajua huyu amekuja kutuibia.

Kijana huyo alikuwa Lazaro. Baadaye alinioa, tukaishi miaka mingi, na mwaka huu baada ya mavuno tumemzika. Kazi yake ilikuwa kuandika. Hakuwa na ajira kwa mtu. Alimwandikia yeyote mwenye kazi: maneno ya kubandika kwenye ndoo za asali, matangazo, barua za kutafuta wanunuzi. Siku hizi mnaita mwandishi wa kujitegemea. Wakati ule tulimwita tu kijana wa karatasi.

Tangu msiba, vijana wa kazi hiyo wananijia. Wengine wanakaa sebuleni wanakunywa chai, wengine wananipigia simu. Wote swali lao ni moja: marehemu alipataje wateja? Na wananionyesha walichoandika wao, simulizi za kazi walizowahi kuwafanyia watu. Mteja alikuwa na shida hii, mimi nikaandika hivi, mauzo yakapanda hivi. Kuna picha ya mtu anacheka ameshika ndoo. Mimi nimeishia darasa la saba, lakini nikisoma zile simulizi mgongo unanisisimka kama siku ile ya mashudu. Kila mteja ameokolewa. Kila mwandishi ni mwokozi. Ndiyo maana nimeona niandike, nisije nikaondoka nami kabla sijasema.

Ngoja nikueleze hali yetu ilivyokuwa. Baba alikuwa na mashine ndogo ya kukamua alizeti, na mashine hiyo ndiyo iliyotulisha, mimi na wadogo zangu na shangazi Raheli, dada yake baba, aliyerudi nyumbani baada ya kufiwa. Mjini Singida kikafunguliwa kiwanda kikubwa chenye machujio ya kisasa. Wakulima wetu wakaanza kupitisha magunia yao mbele ya mlango wetu, wanatusalimia vizuri, wanaendelea na safari ya mjini. Mafuta tuliyokamua yakakaa kwenye madumu bila mnunuzi. Mtu mmoja wa mjini akaja kuitazama mashine, akaizunguka, akaipigapiga kwa kiganja kama anayepima ng'ombe. Alitaka kuinunua. Baba alimwambia angoje msimu uishe. Tulijua sote kwamba mashine ikiondoka, hatuna kingine.

Na tulikuwa tumekwisha kudanganywa. Kabla ya Lazaro alikuja mtu aliyejisifu kuwa anafahamiana na wenye maduka wa Arusha. Akaondoka na mafuta yetu, na hatukumwona tena. Kwa hiyo Lazaro alipofika na karatasi, alikuta nyumba ambayo hata mgeni akiomba maji tunamtazama mikono.

Karatasi yenyewe ilisema hivi. Kulikuwa na mfanyabiashara wa asali huko Kilimatinde, anayeletewa mzigo kutoka misitu ya Rungwa. Asali ilikuwa inaganda nyumbani kwa kukosa wanunuzi. Lazaro akamwandikia barua za kwenda madukani Dodoma na maneno ya kubandika kwenye ndoo. Maduka mawili yakaanza kuchukua asali yake. Sasa mzee huyo hana shida ya soko. Chini kulikuwa na maneno ya mzee mwenyewe, kwamba Lazaro ni kijana mwaminifu na kazi yake haina mfano.

Baba aliisoma polepole, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu, akaigeuza tena mbele.

"Huyu mzee unamfahamu vipi?" akauliza.

"Ni mteja wangu, baba."

"Anaishi Kilimatinde."

"Ndiyo, baba. Kule juu, karibu na misheni."

"Mbali," baba akasema. "Rudi wiki ijayo."

Lazaro akashukuru, akaondoka. Shangazi Raheli, aliyekuwa anapepeta mbegu muda wote bila kuinua kichwa, akasema, "Amechagua mteja wa mbali ili tusimfikie."

Sasa, mwanangu, kwetu kijana akileta posa, haulizwi yeye kama ni mtu mzuri. Atasema nini? Familia inapokea maneno yake, inamkaribisha chai, halafu wanatumwa watu wawili kimyakimya kwenda kwao kuulizia. Hawasemi wamefuata nini. Watanunua kuku, wataomba maji, watauliza habari za mvua, na katikati ya maneno hayo watajua kijana ana hasira au hana, mama yake anasemaje na majirani, nyumba yao ina magonjwa gani. Baba aliamua karatasi ile iulizwe kama posa inavyoulizwa. Sijasikia mahali pengine walipofanya hivyo kwa mtu anayeomba kazi ya kuandika. Ila ndivyo tulivyokuwa tumeumwa.

Ikatokea kuna msiba wa ndugu Manyoni. Tukatumwa mimi na shangazi, tulie kwanza msibani kwa haki yake, halafu tupitilize Kilimatinde. Tulipanda kilima kwa gari dogo la mizigo, tumekalia magunia ya chumvi. Njia nzima shangazi ananifundisha. Usitaje Ilongero. Usitaje alizeti. Usitaje jina la kijana mpaka walitaje wao.

Mzee wa asali tulimpata bila taabu. Aliitwa mzee Nehemia, mtu mnene mcheshi, ana ndoo zake barazani. Karatasi zilikuwa zimebandikwa kweli. Nikazisoma, maneno mazuri mafupi. Moyo wangu ukalegea kidogo, na shangazi akaniona, akanifinya.

Tukaonja asali. Tukauliza habari za mvua. Shangazi akanunua chupa moja, akasema kama anayejisemea, "Na ndoo zinapendeza. Haya maandishi mmefanyiwa na nani?"

Mzee Nehemia akafurahi kama aliyekuwa anangoja kuulizwa. Akasema ni kijana mmoja ana akili huyo, hapa Manyoni yote hakuna wa kumfikia. Akasema kabla yake alikuwa hauzi chochote na sasa anauza kila kitu. Akasema kijana hanywi, havuti, anaamka mapema. Alisifu mpaka shangazi akaacha kulamba kidole.

"Mzee umemjua vizuri huyo kijana," shangazi akasema. "Mlikutana wapi?"

"Kukutana?" mzee akacheka. "Mama yangu, nimemlea humu ndani. Mama yake ni dada yangu, tumbo moja."

Shangazi akapangusa kidole kwa khanga yake. Akaomba chupa ya pili, nadhani ili apate muda wa kukaa. Mzee alipokwenda kutafuta chupa, mkewe akatoka jikoni na ndoo aliyokuwa anaifunga, na shangazi akamwambia mmejaliwa, mpaka maduka mawili Dodoma. Yule mama akasonya kidogo.

"Mawili gani, dada. La sokoni ni letu siku zote, hata kabla mtoto hajajua kushika kalamu. Barua zimeleta moja. Moja zuri, sikatai. Ila huyu mume wangu akimsifia mtoto wa dada yake huwa hahesabu vizuri."

Tulishuka kilima. Tulipofika barabarani shangazi akasema, "Tumesafiri kote huku kumwuliza mama kama mwanawe ni mzuri." Kisha akacheka peke yake mpaka akatoa machozi. Mimi sikucheka. Niliiwaza mashine yetu na yule mtu wa mjini aliyeipiga kiganja.

Lazaro alirudi siku aliyoambiwa, shati lilelile. Alipokaa tu, baba akamwekea karatasi yake mbele.

"Nisomee mahali ulipoandika kwamba huyu ni mjomba wako."

Mwanangu, nimewahi kuona mtu akimwagikiwa maji ya moto. Alikaa hivyo. Mashine ilikuwa imezimwa, na kuku walikuwa wanadonoa chini ya meza, na hakuna aliyewafukuza.

"Sikuandika, mzee," akasema. Safari hii hakusema baba.

"Kwa nini?"

"Niliona ukijua ni mjomba wangu hutaniamini."

"Sasa nimejua kwa miguu ya dada yangu. Unadhani nakuamini zaidi?"

Baba akamwuliza la duka la sokoni. Hapo Lazaro alishangaa kweli, nilimwona usoni. Alisema mjomba alimwambia maduka ni mawili, naye akaandika mawili. Hakumwuliza mtu mwingine. Baba akasema, "Wewe umemsikia mzee, mke wake hukumwuliza. Na ndoo anazifunga mke." Akasimama, akamwonyesha njia.

Shangazi Raheli ndiye aliyesema asiondoke. Nilidhani amemhurumia, lakini hakuwa mtu wa huruma nyingi. Alisema, "Kijana, duka moja lipo au halipo?"

"Lipo, shangazi."

"Barua yako ndiyo iliyolileta?"

"Ndiyo. Hilo najua, kwa sababu mwenye duka alijibu, na mimi ndiye niliyepokea jibu."

"Basi kaa hapo uandike upya. Andika yale tuliyoyakuta sisi. Ukimaliza utusomee, nasi tutaamua kama tunakufukuza."

Aliandika kwa mkono, amekalia gunia la mashudu, anafuta anaandika. Alipomaliza akasimama kutusomea. Alianza kwa kusema mfanyabiashara huyu ni mjomba wangu, na kazi hii nilimfanyia bila malipo kwa sababu amenilea. Akasema mjomba alikwisha kuwa na duka moja Dodoma. Akasema kwanza nilimchorea kibao cha barabarani, kibao kile hakikuleta hata mtu mmoja, tukakitoa. Halafu nikaandika barua nne, tatu hazikujibiwa, moja ikajibiwa. Duka hilo linachukua asali mpaka leo. Sijui kama barua hizohizo zingefaa kwa bidhaa nyingine.

Basi. Ilikuwa fupi kuliko ya kwanza na haikumpamba.

Baba akaichukua karatasi. Halafu akauliza, "Kibao kiliharibika wapi?" Lazaro akaeleza kwamba alikiweka mahali magari yanaposhuka mteremko, dereva hawezi kusimama. Baba akasema hata yeye alikuwa anafikiria kuweka kibao mahali kama hapo, kwenye mteremko wetu. Wakaanza kuzungumza. Nilisikia wanazungumza kama watu wawili wenye kazi, na ilikuwa mara ya kwanza tangu kiwanda cha mjini kifunguliwe kumsikia baba anamwuliza mtu swali asilojua jibu lake.

Hakumpa kazi yote. Alimpa barua chache za kujaribu, na hakumkabidhi hata dumu moja la mafuta. Mimi bado sikumwamini. Nilihesabu madumu kila alipokuja na kila alipoondoka.

Barua zikaleta shule moja ya bweni iliyohitaji mafuta ya jikoni, na duka moja dogo. Madumu yakaanza kupungua. Msimu ulipoisha yule mtu wa mjini akaja kuchukua mashine, baba akamwambia haiuzwi. Tukabaki na chakula chetu.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penyewe. Lazaro akataka kuandika simulizi nyingine, ya kwetu, apate kuwaonyesha watu. Kwanza aliomba ruhusa, alikuwa amejifunza. Baba akamwambia andika, halafu unisomee kabla mtu mwingine hajaiona. Alipoisoma, baba akamsimamisha mwanzoni kabisa.

"Umeandika umeiokoa mashine. Toa hilo. Wewe uliandika, mimi nilikamua."

Akalitoa.

"Na kiwanda cha mjini kiliharibika msimu ule, kikalala wiki kadhaa, wakulima wakarudi kwangu. Mbona sikisikii?"

Lazaro akasema, "Mzee, nikiandika hilo, nani atasema barua zangu zilisaidia?"

"Zilisaidia?"

"Nadhani zilisaidia."

"Andika unadhani."

Walibishana siku mbili. Lazaro alikuwa hana mteja mwingine, anadaiwa pango la chumba mjini, na hii ndiyo iliyokuwa simulizi yake pekee ya mtu asiye ndugu. Aliogopa akiweka habari ya kiwanda kuharibika atarudi Kilimatinde kufunga ndoo za mjomba. Baba hakuwa anamkomoa. Alisema tu kwamba jina lake halitakwenda kwenye karatasi yenye pengo, kwa sababu kila mkulima wa Ilongero anajua kiwanda kililala, na atakayekuja kuulizia ataambiwa kabla hajashuka kwenye baiskeli.

Aliandika. Mpaka leo mimi mwenyewe sijui ni barua au ni kuharibika kwa kile kiwanda, na marehemu naye hakujua. Tulikuwa tukilizungumza tukiwa wazee na hatukupata jibu.

Karatasi hiyo ikazunguka muda mrefu bila kuleta mtu. Wapo waliosoma wakamwambia mbona unajishusha. Kisha akaja mama mmoja mfanyabiashara kutoka upande wa Iramba, alikuwa ananunua kuku na mayai vijijini na kupeleka mbali. Mama mkavu, hacheki. Alikuwa amekwisha kupita Ilongero na kuuliza, hata sisi hatukujua. Akamwambia Lazaro mbele yangu, "Nimezungumza na waandishi wengine. Wote kazi zao zilifaulu zenyewe, bila mvua, bila bei, bila jirani. Wewe umeandika kiwanda kililala. Nimeuliza, nikakuta kililala kweli. Kazi yangu nakupa." Alikuwa mteja wake mpaka alipofunga biashara, na aliwaleta wengine, wagumu kama yeye.

Mwaka uliofuata Lazaro akaleta posa kwetu, nami nilikuwa nimekwisha kuacha kuhesabu madumu. Shangazi Raheli akaenda tena kuulizia. Safari hii hakumgusa mjomba, alikaa jikoni na mkewe.

Nimekueleza kosa la marehemu, na kwetu aliyelala hasemwi. Lakini yeye mwenyewe alilisema kila alipofundisha kijana kazi, na ningeficha ningekuwa namwandikia karatasi ya kwanza. Siku moja kabla ya mazishi vijana wake waliandika historia ya marehemu ya kusomwa kaburini. Waliniletea usiku niipitie. Iliandikwa kwamba hakuwahi kushindwa kazi na kila aliyemwandikia alifanikiwa. Nililia, kisha nikawaambia wafute. Mkubwa wao akasema, "Mama, watu wanakuja kumheshimu." Nikamwambia watakaokuja kesho ni wateja wake, wanajua zipi zilishindikana, kwa sababu wao ndio waliopata hasara. Wakiwasikia mnadanganya hapo, hata yale ya kweli watayatilia shaka, na mimi sitaki mume wangu aingie ardhini akitiliwa shaka. Wakaandika upya. Iliposomwa habari ya kibao cha mteremkoni, yule mama wa Iramba, sasa amezeeka na anatembelea fimbo, alitikisa kichwa kukubali, na hapo ndipo nilipomwona akilia.

Basi, mwanangu unayetafuta wateja kwa kalamu, nakwambia ninachokijua. Simulizi ya kazi yako ni kitu kizuri, usiache kuiandika. Mtu hawezi kukupa kazi kwa uso tu, anataka kuona ulimfanyia nani na ikawaje. Lakini jua kwamba anayeisoma amekwisha kuumizwa na mwingine kabla yako, na huenda akakaa kwenye gunia la chumvi apande kilima kwenda kuuliza. Siku hizi hana haja ya kupanda, ana simu. Kwa hiyo kila utakapomaliza kuandika, jiulize shangazi yangu angekwenda kukuta nini, kisha kiweke wewe mwenyewe kabla yake. Kama mteja ni ndugu, sema ni ndugu. Kama hukulipwa, sema. Kilichoshindikana kiandike pamoja na sababu yake, maana mwenye akili atajifunza kukuamini hapo. Usichukue sifa ya mvua wala ya kiwanda kilichoharibika. Usiishie kwa mtu anayekupenda. Mwulize na anayefunga ndoo. Na usitoe habari za mtu hadharani kabla hujamsomea naye amekubali, kwa sababu shida uliyomtatulia ni yake, alichokupa wewe ni kazi tu.

Utapoteza wateja kwa njia hii, sitakuficha. Utaona wenzako wanaandika wameokoa watu, na wanaitwa, na wewe umekaa. Lazaro alikaa. Ila waliokuja kwake hawakuondoka, na hakuna siku alipovuka barabara kumkwepa mtu.

Mungu aubariki mkono wako. Akupe wateja wagumu wenye maswali, na akupe kitu cha kweli cha kuwajibu. Wanaokwenda kuulizia habari zako, popote watakapofika, wakute ulikwisha kusema.